Figa la Tatu

Bango lilikuja Jumanne kwa gari la ng'ombe,
maana gari la Idara lilikwama topeni kabla ya Ndagoni.
Ubao wa kijani, herufi nyeupe:
ENEO HILI LINALINDWA KWA SHERIA.
KUCHUKUA JIWE NI KOSA.
Shimo nikalichimba mwenyewe,
mimi Shaame Faki, mlinzi wa magofu,
nikalisimamisha bango likatazama baharini,
upande asiopita mtu.
Siku ya pili nikaligeuza.

Nalipwa kulinda ukuta mmoja na nusu,
kibla kilichopasuka, kisima kikavu,
na makaburi yasiyojulikana wenyewe.
Nina panga, fyekeo, daftari la wageni.
Wageni mwaka huu: kumi na wanne.
Mmoja kaandika "pazuri."
Mmoja kauliza choo.
Mbuzi sikuwaandika.

Mzizi wa mkuyu umeingia ukutani
kama mkono unaotafuta kitu mfukoni mwa mtu aliyelala.

Nimepeleka barua tatu Chake Chake.
Ya kwanza: ufa, kidole kinaingia.
Ya pili: ngumi inaingia.
Ya tatu: njiwa kaatamia humo, ana makinda mawili,
naomba maelekezo.
Jibu likaja: mifuko sita ya saruji
na karatasi ya kutia saini.

Bi Riziki wa tanuri la chokaa
akaitazama ile mifuko, akacheka mpaka akakaa chini.
Ukuta huu ni matumbawe, akasema,
umelishwa chokaa iliyolazwa shimoni miezi,
unakunywa mvua, unaitoa jasho.
Utie saruji uone: umemziba mtu pua
ukamwambia umemponya.
Usipoziba ufa utajenga ukuta, sawa,
lakini nani alikwambia uzibe kwa chochote?

Nikaandika barua ya nne: naomba chokaa.
Mifuko nikaiweka kibandani. Masika yakaja, paa likavuja,
saruji ikaganda ndani ya makaratasi yake,
mifuko sita ikawa mawe sita.
Kwenye ripoti niliandika: imepokelewa.

Usiku mmoja Mize kaepua sufuria la mihogo,
kakung'uta majivu jikoni,
na mimi nimechutama na kibatari natafuta kijiko.
Nikaliona.
Figa la tatu, lile la upande wa mlango,
lina nakshi: msuko, kama ukili,
msuko ule ule wa kibla ninachokifyekea majani
kila mwezi kwa mshahara.

Nalijua tangu sijaota meno.
Bibi yangu Mwanakhatibu alilileta kichwani,
siku hizo halina bango, halina Idara,
ni jiwe tu lililochoka kusimama.
Juu yake umeiva uji wa harusi ya mama,
maji ya kumwoshea baba.
Sasa nimkamate nani?
Aliyelichukua yuko chini ya mwembe wa Mbuyuni,
na aliyekula ndiye mwenye filimbi.

Nikamwambia Mize, hili linarudi.
Akanitazama.
"Na sufuria nikalitelekee juu ya sheria?"

Nikalibeba alfajiri, limefungwa kanga yake kuukuu.
Pengo la kibla nililijua, napita hapo miaka kumi na moja.
Halikuingia.
Moto umelila pembe, umelipunguza kwa kiasi cha vizazi vitatu.
Nikaliegemeza tu, likae karibu na wenzake,
kama mtu aliyechelewa swala
akasimama safu ya nyuma.

Daftarini nikaandika:
Mgeni wa kumi na tano, jiwe.
Limetoka: jikoni kwangu.
Maoni: limeungua upande mmoja.
Halikuuliza choo.

Kurudi, nikapitia kibandani
nikachukua mfuko mmoja ulioganda.
Mali ya serikali kwa mali ya serikali.
Mize kauburura mpaka pale penye majivu,
kaubandua karatasi, katelekea.
Chai ilichelewa, lakini ilichemka.

Leo nimechungulia chini ya sufuria.
Figa jipya lina ufa tayari.
Kidole kinaingia.
Sijamwandikia mtu.