Njia ya Kijani

Ramani imelala mezani, pembe moja chini ya sufuria,
na kaka yangu Urmas anaipima kwa njiti ya kiberiti:
njiti moja, mita mia tano.
Njia nyekundu, njiti ishirini na nane. Hapana.
Njia ya buluu inakata kinamasi chenyewe,
nayo imefungwa hadi korongo waangue mayai. Hapana.
Njia ya kijani, njiti tano na kichwa cha ya sita:
mbao zilizopigiliwa juu ya maji, mabenchi matatu,
mnara wa kutazamia ndege ambao hatutaupanda.
"Rahisi," anasema Urmas,
na kuwashia sigara kipimo chake.

Mimi ndiye mwenye daftari.
Naandika: buti za mpira, jozi tatu.
Mkate mweusi, samaki wa moshi, mayai ya kuchemsha,
chumvi ndani ya karatasi, imekunjwa kama dawa ya zamani.
Dawa ya mbu. Andika mara mbili, anasema Urmas,
mbu wa huko hawajafunzwa adabu.
Darubini ya marehemu baba, jicho moja lina ukungu.
Kutoka saa kumi na moja alfajiri,
ingawa Mei hapa kwetu Estonia
alfajiri ni neno tu, jua limeshaamka zamani.

Kila umbali naugawanya kwa goti la Mama.
Goti hilo lina miaka themanini na miwili
na hutoka nyumbani likiwa limeshanuna.
Dakika ishirini hadi benchi la kwanza, kumi za kupumua,
ishirini na tano hadi la pili,
maana njiani atabishana na mtu asiyemjua
kuhusu jina la bata.

Mama yuko dirishani anamenya viazi.
Kunyamaza kwake kuna vyumba;
leo yumo katika kile cha ndani.
Kisha, bila kugeuka:
"Benchi la pili liko wapi?"

Urmas anaweka kidole. Hapa, ukishapita mibetula,
penye alama ndogo ya duara.

"Duara hilo ni kisima," anasema Mama. "Kisima chetu."

Tunajua kidogo. Sote tunajua kidogo.
Kwamba kabla ya hifadhi palikuwa na mashamba manne;
kwamba lori lilikuja usiku wa Machi,
naye ana miaka saba na soksi za dada yake;
kwamba waliporudi, matete yalikuwa yameshahamia sebuleni.
Baadaye wanyama wakapewa mahali pale kwa sheria.
Hakuna aliyekuja kuomba radhi,
labda yule korongo aliyejenga juu ya dohani
hadi dohani ikaanguka.

Kalamu yangu imekwama kati ya chai na sukari.
Urmas anakusanya njiti zake moja moja.
Twende ufukweni basi, anasema, ni tambarare,
kuna hata kibanda cha aiskrimu.

"Nani kasema tusiende?"
Mama anafuta kisu kwenye aproni.
"Nimeuliza benchi. Limetazama upande gani?"

Ramani haijui mabenchi hutazama wapi.
Napiga simu ofisi ya hifadhi.
Kijana aitwaye Rasmus anacheka kwanza, kisha hacheki,
anasema atakwenda kuangalia akishakula.
Saa tisa anapiga yeye, anahema, nyuma yake vyura wanagomba:
limetazama maji, kisima limekipa kisogo.
Lakini halikupigiliwa, anasema.
Watu wawili wenye nguvu wanaligeuza.

Chini ya mayai naandika:
glavu za kazi, jozi mbili.

Mama anachungulia begani kwangu,
mikono ingali na wanga wa viazi,
ananipokonya kalamu, anakata "mbili",
anaandika "tatu".