Swali la Kumi na Saba

Mengine nimeyajaza bila kusita.
Jina: Marlys Tostrud. Umri: hamsini na miwili.
Miaka katika uwakili: ishirini na sita,
yote hapa Crookston, ukiondoa vipupwe viwili vya Duluth
nisivyopenda kuvizungumza.
Rufani nilizoandika: mia moja na arobaini.
Nilizoshinda: kumi na tisa.
Aliyetunga fomu hakuacha nafasi ya kueleza
kwamba kumi na tisa, kwa kazi hii, ni mavuno.

Swali la kumi na saba:
Kwa nini unataka ujaji wa Mahakama ya Rufani?
Maneno mia mbili, yasizidi.

Theluji imeziba nusu ya dirisha la jikoni.
Nimeandika "kuutumikia umma", nikafuta.
Umma nimeutumikia, na hadi leo haujanilipa nauli.
Niseme mshahara? Ni kweli pia.
Paa linavuja, na goti la kushoto
halitaki tena ngazi za magereza.
Niseme Verlyn Haugdahl, aliyenakili madaftari yangu chuoni,
leo joho limemkaa kama ngozi yake mwenyewe?
Wivu nao ni sababu. Hauna kisanduku.

Chini ya hayo yote kuna karatasi moja.
Orrin Lindqvist, miaka kumi na minne jela,
kwa neno la shahidi aliyemwona usiku,
ukungu umetanda, ng'ambo ya mto.
Niliandika kurasa arobaini na nane.
Ule mto niliupima kwa miguu yangu, na buti za mpira,
maji yakaingia, nikaendelea kuhesabu.
Majaji watatu wakanijibu kwa mistari minne:
kosa lilikuwepo, ila halikudhuru.

Nilimsomea Orrin kupitia kioo.
Akauliza, bila hasira,
kama mtu anayeuliza bei ya chumvi,
"Halikumdhuru nani?"

Baba alipima viazi vya sukari kiwandani,
lori baada ya lori, Septemba hadi ardhi igande.
Katika kila lori alichota ndoo moja,
akaipima, akaosha viazi, akavipima tena,
akajua tope ni ratili ngapi, kiazi ni ratili ngapi,
na kwa hesabu hiyo mkulima alikatwa.
Wakulima walimtukana.
Msimamizi alimnong'oneza aongeze tope kidogo,
nani atajua.
Baba alimwita mkulima ndani ya kibanda,
akamwonyesha ndoo, maji meusi, namba.
"Humkati mtu," alisema, "bila kumwonyesha tope lake."
Hakupandishwa cheo. Vidole vyake vilipasuka kila mwaka
palepale, kwenye viungo, na mama akavipaka mafuta ya nguruwe.

Sijui kama kamati inataka habari za mafuta ya nguruwe.

Nimeandika: Nataka anayeshindwa ajue ameshindwa kwa nini.
Maneno sita. Nimeyatazama muda mrefu.
Yanafanana na kitu ambacho mtu yeyote angeandika,
hata Verlyn, hata wale watatu
walipokuwa jikoni kwao, usiku kama huu,
na fomu kama hii.

Maana hapo ndipo kalamu inapogoma.
Wao pia waliapa. Wao pia walikuwa na baba.
Kisha yakaja majalada mia sita kwa mwaka,
na jioni ya Novemba moja, macho yakiwaka,
mistari minne ikatosha.
Ni nani aniambie mimi nitachota ndoo ya mia sita?

Hilo hawakuliuliza. Nimelijibu hata hivyo,
pembeni, kwa penseli, herufi ndogo: sijui.

Mwisho wa kupokea fomu ni Ijumaa, saa kumi alasiri.
Gari la kusafisha theluji limepita, taa yake ya njano
imezunguka ukutani mara mbili, imekwenda.
Saa ya jiko inasema ni Ijumaa tayari.
Natafuta kifutio. Nakiona.
Nakiacha pale kilipo.