Hati ya Mshahara Kapuni

Kiwanda cha kufulia cha Preston hakina jua.
Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini;
sisi twachumia mvukeni,
na kivuli kimejaa tele, ila hakuna wa kutuambia tuketi.

Mashuka ya hospitali hutujia alfajiri
na damu, na dawa, na jasho la watu tusiowajua.
Twayarudisha meupe, pembe kwa pembe,
kama vitambaa vya altare.

Februari walitundika saa mlangoni mwa choo.
Dakika nne. Ya tano hukatwa.
Leokadia, mimba ya miezi saba,
alikatwa pauni kumi na moja na senti sitini
kwa kosa la kubeba mtoto aliyelalia kibofu.

Mwenye kiwanda ni Bwana Threlfall. Simwiti mbaya.
Jumapili ndiye apitishaye kapu la sadaka,
koti la kijivu, viatu visivyolia.
Kwaresima ile padre alihubiri juu ya ujira:
kwamba mashine ni mali na mtu si mali,
kwamba jasho lililozuiliwa lina mdomo
na Mungu si kiziwi.
Bwana Threlfall aliitikia kwa kichwa. Nilimwona.

Kapu likafika safu yetu.
Leokadia hakutia sarafu.
Alitia hati yake ya mshahara,
imekunjwa pembe kwa pembe, kama tulivyofundishwa.

Aliisoma palepale, kapu mkononi,
kinanda kikirudia ubeti uleule.

Sisemi alilia. Sikuona machozi.
Nilichoona ni Jumatatu:
yuko upande wa pili wa meza yangu, anakunja vibaya,
na saa tano akauliza choo kiko wapi.
Kiwanda chake. Miaka kumi na tisa.
Alirudi baada ya dakika saba.
"Ni mbali," akasema.
"Ndiyo," nikamjibu. "Ni mbali."

Saa imeng'olewa, imebaki misumari miwili.
Fedha zilirudi ndani ya bahasha,
juu yake ameandika: zawadi.
Leokadia akalikata neno hilo kwa kalamu,
akaandika: deni, akatia sahihi,
akamrudishia bahasha tupu aiweke kwenye faili.

Alhamisi tunakutana jikoni kwa Boguslawa,
kuhusu likizo ya uzazi, kuhusu zamu za usiku.
Naye tumemwalika. Aje na daftari la hesabu.
Viti ni vichache;
atakayechelewa atakalia ndoo.