Mizani

Musembi alikuja Jumanne na mizani yake ya vyuma chakavu,
akaituliza mbele ya baraza yetu ya Majengo
kama mtu anayetandika mkeka wa matanga.
"Tutalikata vipande," akasema. "Matairi siyahesabu."

Gari lenyewe Ford Anglia, rangi ya maziwa yaliyochacha,
kioo cha nyuma kimeinama kinyume,
kana kwamba aliyelichora alibadili nia katikati ya mstari.
Jina la Marekani, mimba ya Uingereza,
uzee wa Mombasa: chumvi imeila sakafu
hata ukikaa nyuma unamwona paka akipita chini.

Baba aliijua nasaba yake kuliko ya shangazi zake.
Aliisoma katika majarida ya zamani, dukani kwa Popatlal, Mwembe Tayari,
akingoja plagi, akingoja gasketi,
akingoja meli ambayo siku zote ilikuwa ya wiki ijayo.
"Mwaka wa elfu moja mia tisa na tatu," angeanza, "huko Detroit,"
na sisi tungejua chai itapoa.
Alipenda habari ya ule mstari wa kiwandani:
gari latembea, mtu amesimama,
mkono mmoja, nati moja, kutwa nzima.
"Na huku kwetu," Mama humkata,
"gari limesimama, mtu ndiye atembeaye,
Makupa kwenda na kurudi, kabureta kikapuni."

Alitusimulia dola tano kwa siku
kama wengine wanavyosimulia Peponi.
Hakunisimulia, mpaka nilipokuwa mkubwa,
wakaguzi waliobisha hodi kwa wafanyakazi
kuchungulia kama nyumba imefagiwa na senti zimewekwa,
wala walinzi waliowapiga waliotaka chama.
"Sifa," aliniambia, akifuta kijiti cha oili kwa shati lake,
"ni rangi ya gari. Ikwaruze uone."
Kisha akalipaka nta.

Mtaa mzima ulikuwa na tafsiri yake ya herufi zile nne:
Fungua. Osha. Rudisha. Dua.
Watoto walitusindikiza nazo, wakisukuma.
Bi Rukiya wa nyumba ya pili hakukosa la kusema:
"Chema chajiuza, Khelef. Kibaya chajitembeza."
Naye Baba, kichwa kimezama ndani ya boneti:
"Basi hili ni jema. Halijajitembeza tangu Ramadhani."

Lakini usiku wa kuzaliwa kwangu lilikubali.
Mkupuo mmoja tu, taa moja, mpaka hospitali ya Makadara;
Mama anasema lilinguruma kama lililotukanwa.
Asubuhi yake halikuwaka,
wala Baba hakulilaumu.

Musembi alipong'oa kiti cha dereva
ikaanguka risiti ya Popatlal, imeiva kwa grisi,
nyuma yake mwandiko wa marehemu:

*Kioo chako cha nyuma, hulala kama mtoto,*
*Njia nilizozisoma, kwa tope, vumbi na joto,*
*Chumvi imekula chuma, haijauzima moto,*
*Jina lako nikipima,*

Basi. Mkato, kisha weupe wa karatasi.
Labda aliitwa chakula. Labda kalamu iliisha wino,
au alipima kweli na hakulipenda jibu.
Mtu aliyenifunza kuhesabu silabi
kwa kugonga spana kwenye bampa
aliniachia ubeti wenye deni la nane.

Vipande vikaenda mizanini: mlango, mlango, boneti.
Mshale ukapanda, Musembi akaandika.
Mwisho akalibandua kwa bisibisi lile bamba dogo la jina,
akalitupa juu ya sahani ya mizani.
Mshale haukutikisika hata kidogo.

"Chukua, dada," akasema, akinirushia.
"Hili halina uzito."

Nikahesabu kwa vidole, midomo imefumba.
Nane. Na kina kimekaa.

Nikamwomba arudie.
Akadhani nataka kubishana bei.