Kiwango cha Chini

Amekileta kipakatalishi kimeviringwa shali,
kama mtu anayempeleka kuku kwa daktari.
Bi Nestani, ghorofa ya nne, nyuma ya soko la Kutaisi,
theluji bado imeng'ang'ania viatu vyake.
"Tornike katengeneza mchezo," anasema,
"peke yake, huko Wroclaw, usiku akitoka ghalani.
Hebu nitazamie kama utakwenda."

Nayasoma mahitaji.
Kichakataji: kisizidi miaka kumi.
Hiki ni mkubwa wa hicho, na magoti yanamuuma.
Kadi ya michoro: hakuna kadi,
kuna kitu kimejibanza ubaoni kinajiita kadi.
Diski: megabaiti mia tatu. Hizo tunazo.
Kumbukumbu: gigabaiti nne.
Nafungua, nahesabu. Mbili.

"Kumbukumbu haitoshi, Bi Nestani."
Ananikazia macho yale ya darasa la kemia,
enzi nilipounguza pazia.
"Yangu au yake?"

Basi tunajaribu, kujaribu hakulipiwi.
Feni inanguruma kama basi la Tkibuli kwenye mlima.
Mstari wa kupakia unajaa, unasita, unajaa,
chai yangu inapoa,
nje mtu anagombana na mlango wa gari.

Halafu ngazi.
Ngazi za chuma, zile zile za jengo lao,
rangi ya kijani iliyobabuka,
hata kile kishikio kilichokatika ghorofa ya pili.
Kizee cha vidoti, kofia, mkate kwapani.
Unabonyeza mshale, kinapanda.
Mchezo wote ndio huo:
mkate ufike juu ungali moto.

Hatua tatu, skrini inaganda.
Mbili, inaganda.
"Fremu saba kwa sekunde," nasema kwa aibu,
"ilipasa ziwe sitini. Ninayo kumbukumbu ya mtumba,
lari ishirini, naipachika sasa hivi."
Bisibisi tayari iko mkononi.

Amevua miwani.
"Hapo," anasema. "Hapo ndipo alipokuwa akisimama.
Kila kituo. Anajidai anatazama mto.
Mtoto alikuwa ameshahama,
hakumwona akipanda hivi."

"Niongeze?"
"Usiguse."

Nikasafisha feni tu; vumbi lilitoka kama sufu.
Pesa nilikataa, akaniachia jozi kwenye mfuko wa nailoni.
Mkate ulifika juu umepoa, mchezo ukamwambia ameshindwa.
Akabonyeza kuanza upya.