Maotea

Baba alivuna kila shamba la viazi mara mbili.
Mara ya kwanza kwa jembe, sisi sote, gunia hadi gunia.
Mara ya pili peke yake, ukungu wa Isyonje haujanyanyuka,
akipekua udongo kwa vidole kama aliyedondosha sarafu.
Tulimcheka. Naye: "Kimoja ukikisahau,
mwakani kitaota na ugonjwa wake."

Leo niko chumba cha upasuaji, Mbeya, mwezi wa sita,
hita inanguruma, vidole vyangu baridi ndani ya glavu.
Mezani ni Subilaga Mwaijande, miaka kumi na minne,
sikio linatoa usaha tangu darasa la pili.
Alizoea dawati la mwisho, karibu na dirisha,
harufu yake isimsumbue mtu.

Ngozi, kitu cha nje, imehamia ndani.
Imejenga nyuma ya ngoma bila kupiga hodi,
imeila fuawe yote, nyundo imeiachia kipande.
Kikuku bado kizima,
kidogo kama punje ya ulezi.

Dokta Sanga amekwangua kwa saa tatu.
Kwenye skrini pango ni jekundu, linameremeta.
"Tumemaliza," anasema, na mgongo wake unasema hivyo hivyo.

Sijui mdomo niliupata wapi.
"Dokta, tubadili mwanga kwanza."

Nabonyeza. Wekundu unaondoka wote,
damu inageuka rangi ya chai shambani baada ya mvua,
na kule konani, nyuma ya kikuku,
ambako kamera huinama ndipo ione,
kitu cheupe. Utando.
Ukucha wa mtoto mchanga, si zaidi.
Hakuna anayesema neno.
Mashine ya usingizi tu: pii, pii.

Anaomba kulabu iliyopinda. Nampa.
Anabana pumzi, nami nabana yangu,
maana hapo jirani umepita mshipa wa fahamu
unaobeba tabasamu la mtu.
Kinatoka. Kizima.

Tunatazama tena kwa mwanga ule. Na tena.
Siwezi kuapa kwamba hakuna kilichobaki;
mwakani Subilaga atarudi, tutachungulia.

Jioni nampigia baba.
"Umekula?" anafoka, kama kawaida yake,
akidhani simu nayo ni kiziwi.
Namwambia, "Leo nimerudia shamba."
Haelewi. Anacheka hata hivyo.