Tatu Kasorobo

Vikenti Lukich alikuja na kipande cha kadibodi,
akakiweka juu ya meza yetu ya koili, akasema:
saa nzima iwe hivi.
Tulicheka. Jozefa alicheka mpaka hadubini ikatikisika.
Milimita tatu kasorobo!
Na betri peke yake, bila nguo,
ina mbili na ushei.

Hiyo ni Minsk, orofa ya tatu, mwezi wa Februari,
theluji imelala kwenye kingo za madirisha
nasi tumekatazwa kuvaa sufu, kwa ajili ya vumbi lake.

Saa za zamani zilijengwa kama ghorofa,
gurudumu juu ya gurudumu,
kamani imejikunja chini kama mtu mwenye kinyongo.
Yeye akaibomoa ghorofa.
Akavilaza vyote ubavu kwa ubavu,
kama jamaa waliokuja mazikoni na kitanda ni kimoja:
betri huku, koili kule,
sumaku katikati, ndogo kuliko punje ya mtama.

Na kwatzi,
uma wa meno mawili ndani ya mrija usio na hewa,
unatetemeka elfu thelathini na mbili,
mia saba sitini na nane,
kwa sekunde moja tu.
Chini ya tone jeusi la gundi kuna kinachohesabu:
gawa nusu, gawa nusu tena,
mara kumi na tano,
hadi zogo lote libaki pigo moja.
Mama aligawa mkate namna hiyo, wakati wa vita.
Hakufika mara kumi na tano.

Mimi nilizungusha koili.
Waya wa shaba mwembamba kuliko kope ya kichanga,
mizunguko elfu kumi.
Ukipiga chafya, anza upya.

Bado ilizidi, kwa unene wa ukucha.
Lukich akapunguza bamba, akapunguza kifuniko,
haba na haba, akikimwaga kibaba,
na mwisho akaing'oa akrabu ya sekunde.
Mhimili wake, gurudumu lake,
vyote kwenye kopo la mabaki.
Gazeti la kiwanda likaandika: umaridadi.
Sisi tulijua ni nafasi.

Betri ilidumu miaka miwili.
Nchi yenyewe haikuipita kwa mengi.
Kisha madukani betri zikaadimika,
na saa nyembamba kuliko zote tulizowahi kuunda
zikalala kwenye droo, kati ya vifungo na risiti,
zimekufa bila ugonjwa.

Leo mjukuu wa Jozefa ameniletea ya bibi yake.
Nimeifungua mgongo kwa kisu cha viazi.
Chumvi ya kijani nimeifuta kwa siki.
Koili naitambua; kama si yangu,
ni ya yule aliyeketi kushoto kwangu, aliyekuwa akikoroma macho wazi.
Betri mpya imetoka kibandani, kwenye kituo cha tramu,
bei ya mikate miwili.

Nimeipachika.
Kimya.
Hapo ndipo ninapomkumbuka Lukich, na simkumbuki kwa wema:
saa isiyo na sekunde huwezi kuiuliza kama iko hai.
Akrabu ya dakika hupiga kihatua kimoja
kila baada ya sekunde ishirini.
Unangoja tu.

Inafanya kazi? kijana anauliza.
Nyamaza, namwambia. Nahesabu.
Kumi na saba.
Kumi na nane.